Kamba Iliyoshikwa Sabato

Mume wangu Omanga hajui kuogelea. Mara ya pekee alipopanda mashua, tulipokuwa tunakwenda mazishini ng'ambo ya ghuba, alishika ukingo kwa mikono miwili, amefumba macho, midomo inasali. Siku ya kurudi alikataa katakata. Alizunguka kwa gari siku nzima, akafika nyumbani amejaa vumbi, akasema alitaka kuona mashamba ya watu yanaendeleaje. Sasa mtu huyo ndiye fundi wa kamba za meli. Huyo ndiye atakayekukalisha chini akueleze kamba ipi inashikilia mlingoti na ipi inavuta tanga, na usipoitikia kwa kichwa anaanza upya.

Usidhani meli yenyewe iko ziwani. Iko sebuleni kwangu, juu ya kabati la vyombo, na urefu wake ni kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Ni mfano wa meli ya matanga ya zamani za Wazungu, milingoti mitatu, mizinga midogo midogo ubavuni. Omanga alikuwa karani wa stoo katika kampuni ya samaki iliyokuwa hapa mjini, na meli hiyo ilikaa ndani ya sanduku la kioo katika ofisi ya meneja. Kampuni ilipofunga milango, wafanyakazi waliambiwa kila mtu ajichagulie ukumbusho. Mmoja alichukua friji. Mwingine alichukua viti sita na feni. Bwana wangu, baada ya miaka kumi na tisa ya kuandika masanduku ya samaki, alikuja nyumbani kwa pikipiki amekumbatia meli ambayo mende walikuwa wamekula kamba zake zote.

"Mama Liz," akaniambia, "hii ikirudishiwa kamba zake, hakuna mfano wake Nyanza nzima."

"Na friji je, ilikuwa imeshaenda?"

Omanga akitaka jambo, masikio yake huziba.

Jina langu ni Rispa, kwetu Kehancha, lakini hapa Homa Bay nimekuwa Mama Liz tangu binti yetu azaliwe. Omanga ni Mkisii. Yeye hakujifunza Kikuria, na mimi Kikisii nilikiacha njiani siku ile mama yake aliponisema mbele ya wageni akidhani sielewi. Nilielewa. Kwa hiyo ndoa yetu imeishi kwa Kiswahili miaka ishirini na miwili, na ni kwa Kiswahili hichohicho nitamsema leo, maana nimechoka kumeza.

Mimi ni fundi wa nguo sokoni. Nyuzi ninazo za kila rangi. Mtu mwenye akili angechukua kibiringo kimoja dukani kwangu, afunge meli yake, yaishe. Omanga? Thubutu! Alisema uzi ni uzi na kamba ni kamba, na mtu mwenye macho akiitazama meli atajua amedanganywa. Huyo mtu mwenye macho atakayekuja sebuleni kwangu kukagua misokoto, mimi sijamwona mpaka leo. Lakini Omanga alijifungia na simu wiki nzima akitazama wazee wa nchi za baridi wakisokota, kisha akatoka na mbao mbili.

Ubao wa kwanza aliupigilia mlangoni pa sebule. Una kulabu tatu zinazozungushwa pamoja kwa gia alizozitoa kwenye cherehani ya mkono ya marehemu mama yangu. Ndiyo, umesikia vizuri. Cherehani iliyonisomesha! Nilirudi kutoka sokoni nikaikuta sakafuni imefunguliwa matumbo, yeye amepiga magoti anapaka gia mafuta ya kupikia. Nilichukua kanga mbili nikaenda kulala kwa jirani yangu Orpah siku mbili, na Orpah hakuniuliza kitu, alinipa uji na kitanda.

Ubao wa pili aliuweka huko jikoni, na mbele yake kigari kidogo chenye magurudumu ya vizibo vya soda, kimebebeshwa jiwe, na juu yake kulabu moja tu. Nyuzi zinatoka kwenye zile kulabu tatu, zinapita katikati ya nyumba yangu, zinakutana kwenye hiyo moja. Anazungusha gia, kila uzi unajisokota peke yake hadi unakakamaa. Halafu nyuzi zote tatu zinaachiwa zizungukane kuelekea upande wa pili, zinashikana zenyewe, kigari kinasogea polepole sakafuni, na nyuma yake kamba inatokea. Ni nyembamba kuliko tambi, lakini ukivaa miwani utaona misokoto yake yote imelala sawasawa, kama ile ya kufungia ng'ombe. Mimi nimekulia kwenye tumbaku, nimefunga majani kwenye kamba tangu nina miaka saba, na kamba naijua. Sitadanganya, ile ni nzuri. Siku ya kwanza kuiona nilisahau kugomba.

Ubaya wake ni mmoja, na uushike vizuri maana ndio uliotufikisha hapa. Kamba hiyo ikiwa nusu haiachwi. Ukiachilia ncha kabla nyuzi hazijamaliza kuzungukana, inajirudi na kujikunja yote mpaka inakuwa donge, na donge hilo huwezi kulifumua hata kwa sindano. Unatupa.

Alisokota miaka minne. Wageni wakija wanainama kupita chini ya nyuzi kwenda kuketi. Liz akirudi kutoka chuoni anaingilia dirishani. Kamba za kila unene, maana meli, ati, haina kamba ya aina moja. Anaizungusha kamba kwenye penseli, anahesabu mizunguko ndani ya upana wa kucha, ukizidi mmoja anafumua. Ikabaki ya mwisho, nyembamba kuliko zote, na hiyo akasema uzi wa pamba haufai, inataka hariri. Hariri Homa Bay! Nyumba nzima ilikuwa na hariri moja tu, mtandio alionipa mwenyewe siku ya harusi. Safari hii aliomba, na aliomba miezi mitatu. Nilimpa ili nipumzike. Akaufumua uzi mmoja mmoja mpaka mtandio ukaisha, na uzi wote ulitosha kamba moja, basi. Ukiharibika hakuna mwingine.

Kitu cha pili alichokitaka Omanga duniani ni uzee wa kanisa.

Sisi ni watu wa Sabato. Jua likizama Ijumaa kazi inakoma, jua likizama Jumamosi kazi inaendelea. Miaka kumi na moja Omanga alikuwa shemasi. Alipanga viti, alifukuza mbwa, aliosha vikombe vya Meza ya Bwana. Kila mwaka jina lake lilitajwa kwa uzee na kila mwaka likaachwa, wakapewa wengine, hata Japheth karani wa kanisa, ambaye sauti yake ikisoma matangazo watoto wanalia, alitajwa kabla yake. Omanga alikuwa akirudi nyumbani siku hizo anasema yeye hatafuti cheo. Halafu hali chakula.

Mwaka jana ndipo nyota yake iling'aa, na iling'aa juu ya mgongo wa Orpah.

Orpah ni mjane. Ana ng'ombe mmoja na ndama, anauza maziwa, na kwaya ilikuwa inasimama kwa sauti yake. Sabato moja asubuhi, amevaa tayari, ndama akakata kamba akaelekea kwenye mahindi ya watu. Orpah akamkamata. Akiwa amemshika, akachomoa katani kwenye kile kipande kilichobaki, akaketi, akaisokota pajani haraka haraka kama tunavyosokota sote huko nyumbani, akamfunga ndama na fundo, akaja kanisani. Mtu akamwona. Jambo likaletwa mbele ya kanisa, na wengi wetu tulikuwa tayari kuliacha lipite. Nani ataacha ndama ale mahindi ya watu? Ndipo Omanga akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, na alikuwa amejinyoosha kweli, "kumshika ndama si dhambi. Kushika si kazi. Dada yetu angemshika kwa mkono mpaka jua lizame, leo tungemsifu. Lakini alikaa chini akasokota. Kusokota ni kazi. Akafunga fundo. Fundo ni kazi."

Amina zikasikika. Pasta Angwenyi akaandika kwenye daftari lake. Orpah akafungiwa miezi mitatu, asiimbe, asishiriki Meza ya Bwana, na alipomaliza miezi yake hakurudi kwenye kwaya. Alikuwa anaketi benchi la mwisho, wimbo wa kufunga ukianza anaondoka. Omanga naye akaonekana mtu wa msimamo. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka, lakini nilimgombeza nyumbani. Kanisani nilinyamaza. Sare mpya za kwaya zilikuwa zimeletwa kwangu kushonwa.

Basi, mwaka huu jina la Omanga likatajwa na halikuachwa. Siku ikapangwa: Sabato, saa tano asubuhi, atawekewa mikono.

Ijumaa ya kuamkia siku hiyo nilifunga duka mapema. Nikapika, nikapiga pasi suti yake, nikaweka maji ya kuoga. Omanga akatazama saa, akatazama jua, akasema bado kuna saa nzima, na ile kamba ya hariri inachukua dakika arobaini. Nilimwambia aiache. Akasema anataka akiwekewa mikono awe mtu aliyemaliza jambo. Hapo nikamwachia, maana kumaliza jambo ni kitu ambacho nimekiombea nyumba hii kwa muda mrefu.

Kuifunga hariri kwenye kulabu tu kulimla nusu saa, kisha akazungusha gia, nyuzi zikakakamaa. Akahamia upande wa jikoni, kamba ikaanza kutokea. Ilikuwa imefika nusu niliposikia kitu kimekatika. Ile kulabu ya kigari! Waya ulikuwa umeshika kutu, hakuna aliyeutazama. Nilipofika na mwiko mkononi nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, ameibana ncha ya kamba kwa vidole viwili.

"Usiniguse!" akapiga kelele. "Nipe msumari. Hapana, nipe... "

Tukatazama dirishani pamoja. Jua lilikuwa limekwenda, na kutoka nyumba ya Japheth, plot ya tatu kutoka kwetu, tukawasikia wameanza wimbo wa kufungua Sabato.

"Ifunge hapo kwenye mguu wa meza," nikamwambia.

"Fundo ni kazi."

"Basi malizia. Dakika kumi tu zimebaki."

"Kusokota ni kazi."

"Basi achilia, Omanga!"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia atupe mtoto kisimani. Akajikokota mpaka kwenye kigoda, akaketi, mkono umenyooka mbele.

"Kushika si kazi," akasema.

Haki nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni na mwiko wangu. Kanisa zima lilikuwa limesikia kutoka kinywani mwake jinsi mtu wa haki anavyoshika kamba Sabato, na sasa alikuwa na saa ishirini na nne za kutuonyesha. Nilimkaribisha Sabato, nikamlisha ugali na samaki kwa mkono wangu kama bibi harusi, nikacheka tena.

Usiku sitausimulia. Niseme tu kwamba ndoo ililetwa, na mimi ndiye niliyeileta, na maneno niliyosema nikiileta hayakuwa ya Sabato.

Asubuhi kicheko kiliniisha. Alikuwa amebadilisha mkono mara nyingi sana, vidole vimevimba, macho mekundu. Saa tatu ikafika. Saa nne ikakaribia. Suti inaning'inia mlangoni, inatutazama.

"Nishikie, Mama Liz."

"Nikushikie, halafu nani atasimama kando yako?" Kwetu mzee akiwekewa mikono mke husimama naye. Asipokuwepo, watu huanza kuuliza ndoa ina nini.

"Liz je?"

"Liz yuko chuoni."

Akaanza kulia. Sijawahi kumwona Omanga akilia, hata alipomzika mama yake hakulia, na sasa analia kwa ajili ya kamba isiyotosha kumfunga kifaranga. Au kwa ajili ya uzee. Sijui, na sidhani yeye alijua. Miaka kumi na moja upande huu, miaka minne upande ule, na yeye katikati na vidole viwili. Nilimhurumia, nikakasirika kwa kumhurumia. Nikaanza kufikiri ni nani ambaye hatatafutwa kanisani, mtu ambaye kiti chake kikiwa tupu hakuna atakayegeuka kutazama. Nikampata. Na nataka ieleweke kwamba mimi ndiye niliyempata. Omanga hakulitaja jina lake.

Orpah alikuwa ameshavaa, kitabu cha nyimbo mkononi. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho.

"Yaani anataka nimshikie kamba," akasema. "Sabato."

"Kushika si kazi, dada," nikamwambia, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

"Najua. Nilikuwepo aliposema."

Akatazama kitabu chake, akaingia ndani, akakiweka. "Nakuja kwa sababu ni wewe umeniomba, Mama Liz," akasema. "Si kwa sababu yake."

Alipofika hakumsalimia Omanga. Aliketi kwenye kigoda cha pili, akaipokea ncha kutoka vidoleni mwake, na kamba haikurudi hata msokoto mmoja. Mkono ule umezoea ng'ombe. Omanga alisimama mbele yake, anasugua vidole vilivyovimba.

"Nenda ukaoge," Orpah akamwambia. "Utachelewa kuwa mzee."

Sitakuficha, nilipendeza siku hiyo. Nilivaa gauni la zambarau nililojishonea, nikaketi kiti cha mbele, na wanawake ambao hunipita sokoni bila salamu walinipa mkono. Pasta aliweka mikono juu ya kichwa cha Omanga, wazee wote wakamzunguka, akaombewa kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama kando yake kama inavyotakiwa. Nilimsubiri afungue kinywa. Alipewa nafasi ya kusema neno, akashukuru Mungu, akamshukuru mke wake, akawashukuru mashemasi wenzake, akaketi.

Katikati ya yote hayo Japheth aligundua amesahau cheti cha Omanga nyumbani kwake, akatoka mbio kukichukua. Njia ya kwenda kwa Japheth inapita mlangoni kwangu, na mlango wangu ulikuwa wazi, maana ubao wa kulabu uko hapohapo na mlango haufungiki kazi ikiwa juu. Alirudi na cheti. Alirudi pia na uso mwingine.

Tulifika nyumbani saa nane. Orpah alikuwa palepale kwenye kigoda.

"Japheth alipita," akasema. "Aliuliza nafanya nini humu. Nimemwambia nimeshika kamba."

"Hukumwambia umenishikia mimi?" Omanga akauliza.

"Hakuniuliza hilo."

Akamrudishia ncha yake, akakataa chakula, akaenda kumpa ng'ombe maji. Omanga alishika mpaka jua likazama, kisha akasokota zile dakika kumi. Kamba ilitoka nzuri kuliko zote. Jumapili yote aliifunga kwenye meli, juu kabisa ya milingoti, kwa kibanio cha nyusi. Siku mbili tu, akawa mzee wa kanisa na mwenye meli iliyokamilika, na alikuwa anapiga mluzi. Mtu mwingine angeogopa.

Jumanne baraza la kanisa lilikaa. Alirudi, akasukuma sahani.

"Kuna nini?"

"Japheth ameleta jambo la Orpah. Anasema alimkuta ndani ya nyumba ya mzee, mwenye nyumba yuko ibadani, yeye anaendeleza kazi ya kamba. Wanasema ni kosa la pili."

"Anaendeleza kazi? Kanisa zima linajua kamba za meli zinasokotwa nyumba gani! Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema jambo lichunguzwe."

"Lichunguzwe na nani, Omanga? Uchunguzi si ni wewe?"

Akafunika uso kwa vile vidole vyake vilivyovimba. Akasema akifungua kinywa watamvua uzee hata wiki haijaisha. Akasema baba yake ameshapigiwa simu, ukoo mzima umejua. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata njia, kwamba Sabato jambo litasomwa mbele ya kanisa, na hapo ndipo atasema, maana kukiri mbele ya wote kuna uzito kuliko kukiri mbele ya baraza. Nilitaka kumwamini. Nililala nikiwa nimemwamini, na asubuhi nikaenda dukani kwa njia ya nyuma ili nisipite kwa Orpah.

Alhamisi Pasta Angwenyi alikuja kumtembelea mzee mpya. Akaitazama meli, akavaa miwani, akasogea. Mtu mwenye macho akawa amefika hatimaye.

"Mzee, hii nyembamba kabisa umeisokotaje?"

"Kwa subira, Pasta," Omanga akajibu.

Nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina, na nikamwongeza Pasta sukari.

Sabato ikafika. Baada ya mahubiri Japheth akasimama na karatasi, akasoma kwa ile sauti yake kwamba Dada Orpah, akiwa amekwisha kuonywa, alionekana tena na kazi ya kamba siku ya Bwana, na baraza linapendekeza jina lake liondolewe katika kitabu cha kanisa. Orpah alikuwa benchi la mwisho. Safari hii hakuwa ameondoka.

Omanga alikuwa jukwaani, kwenye viti vya wazee, suti ileile. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Sema. Sema kushika si kazi, maneno ni yako mwenyewe, yako kwenye daftari la Pasta. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wanaokubali wainue mikono," Japheth akasema.

Mikono ya jukwaani ikainuka, mmoja, mwingine, mwingine. Wa Omanga ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka. Kisha nikahisi wanawake walio nyuma yangu wametulia, hakuna anayeinua, wanasubiri kuona mke wa mzee atafanya nini. Wangenifuata mimi. Kama ningeukalia mkono wangu, nusu ya kanisa ingekalia yake, na hilo nalijua vizuri, usiniambie sikujua. Nikafikiria kiti hiki cha mbele. Nikafikiria zile salamu za sokoni. Nimekaa hapa tangu mwanzo nikimcheka Omanga na vidole vyake viwili, na mkono wangu nao ukainuka, na nyuma yangu nikasikia nguo za wanawake zikisogea, wote wakiinua.

Japheth akahesabu, akaandika. Akauliza kama kuna anayepinga. Orpah peke yake aliinua mkono, na Japheth akamweleza kwa upole kwamba mwenye kesi hapigi kura.